Serumu Ilivyofika Fizi na Baraka

Kutoka Makobola kaskazini hadi Misisi kusini, katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo, hakuna mtu mzima asiyejua serumu, maji yanayotundikwa na kuingizwa mshipani. Ndugu akilazwa, jamaa wanaofika na sufuria na mikeka huuliza kwanza kama ameshatundikiwa. Wakikuta kitanda hakina chupa juu yake, huanza kunong'ona kwamba mgonjwa wao ametelekezwa. Serumu yenyewe ina umri mkubwa kuliko hospitali yoyote ya Fizi. Imepitia bandari moja ya Uskoti, masoko ya Zanzibar, misafara ya pembe za ndovu, foleni za malale za Wabelgiji, maficho ya waasi na kambi za wakimbizi. Katika safari hiyo yote, mrija unaoingia mshipani umeokoa watu na umeua watu, na kila hatua yake ni hatua ya binadamu kujifunza, mara nyingi baada ya kuzika, nini kisipitishwe mle ndani na lini mrija utolewe.

Leith, 1832

Serumu ilizaliwa na kipindupindu. Ugonjwa huo ulipoingia Uingereza mwaka 1831, madaktari waliwatoa wagonjwa damu, wakawapa dawa za zebaki na za kutapisha, wakawaharakisha kaburini. Kijana wa Ireland aliyeitwa William Brooke O'Shaughnessy, umri wake miaka 22, alipima damu ya wagonjwa hao akakuta imepungukiwa maji na chumvi. Akasema hadharani kwamba kilichopotea kirudishwe.

Mei 1832, Thomas Latta, daktari wa Leith, bandari ya Edinburgh, akalifanyia kazi wazo hilo. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa bibi kizee ambaye dawa zote zilikuwa zimemshinda na ambaye watu walikuwa wakingoja tu akate roho. Latta alichomeka mrija kwenye mshipa wa mkono wake, akaanza kusukuma maji ya chumvi taratibu. Mwanzoni hakuona badiliko lolote. Kisha pumzi ikatulia, macho yaliyokuwa yamezama yakarudi, mapigo yaliyokuwa yamepotea yakasikika tena kwenye kifundo cha mkono. Kwa nusu saa hivi yalikuwa yameingia zaidi ya lita tatu, na bibi akasema amepata nafuu. Latta aliyekuwa amechoka akamwacha mikononi mwa daktari wa zamu. Kuhara kukarudi, hakuna aliyemwongezea maji, na baada ya saa tano na nusu bibi akafariki.

Somo lote la kutibu kipindupindu limo katika kisa hicho: anachopoteza mgonjwa lazima kirudishwe, na kiendelee kurudishwa hadi kuhara kukome. Lakini karne ya 19 haikulishika. Wengi wa waliotiwa maji walikufa, kwa kuwa walitiwa wakiwa wameshafika mwisho, maji hayakuwa na chumvi ya kutosha, na hakuna aliyejua habari za vijidudu. Maji machafu yaliingizwa moja kwa moja kwenye damu. Latta mwenyewe alifariki mwaka uliofuata, na njia yake ikasahaulika kwa zaidi ya miaka 70.

Misafara na mitumbwi, 1858 hadi 1908

Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakapita rasi ya Ubwari kuelekea Uvira. Ghuba iliyo mbele ya mji wa Baraka inaitwa kwa jina la Burton kwenye ramani mpaka leo. Lakini walikuwa wakifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na wafanyabiashara wa pwani na Wanyamwezi, njia ya pembe na watumwa iliyounganisha Zanzibar, Tabora, Ujiji na nchi ya Manyema ng'ambo ya ziwa.

Njia ya mizigo ni njia ya maradhi pia. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya watu Zanzibar. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani wakati huo, aliwahoji manahodha na viongozi wa misafara mmoja mmoja, kisha mwaka 1876 akachapisha kitabu kinachoonyesha jinsi ugonjwa ulivyosafiri na wapagazi hadi barani kwenye maziwa. Ni moja ya kazi bora za uchunguzi wa magonjwa zilizopata kufanywa Afrika ya Mashariki, na inasikitisha kwamba wasomaji wetu wengi hawajaisikia. Christie aliweza kueleza ugonjwa unapita wapi, kuutibu hakuweza. Wapagazi waliougua njiani waliachwa porini.

Tiba ilizinduka India. Kuanzia mwaka 1908 Leonard Rogers, mjini Calcutta, alirudi kwenye njia ya Latta akiwa na maji yenye chumvi nyingi zaidi, tena yaliyochemshwa, na vifo kati ya wagonjwa wake vikashuka kwa karibu nusu. Kando ya Tanganyika hakuna aliyefaidi. Huko tatizo lililowashughulisha Wabelgiji, watawala wa Kongo, lilikuwa malale.

Foleni za sindano

Malale ilikumba kando za ziwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kumaliza vijiji. Mwaka 1920 Louise Pearce, daktari wa Marekani, alikwenda Leopoldville kujaribu dawa mpya iitwayo triparsamidi, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Dawa ilifanya kazi hata kwa wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani, lakini iliweza kuharibu neva ya macho, na baadhi ya waliopona waliondoka vipofu. Ilitiwa mshipani, tena na tena, kwa wiki nyingi. Timu za kuzunguka vijijini ziliwapanga watu foleni, zikapapasa tezi za shingo, zikachoma.

Hapo ndipo Mkongo wa kawaida alipokutana na mshipa wake kama njia ya dawa, na alikutana nao kwa amri ya serikali. Sindano zilikuwa chache, watu wengi, na kuchemsha vizuri kati ya mgonjwa na mgonjwa kulihitaji muda ambao timu hazikuwa nao. Jacques Pepin, mtafiti wa Kanada, amejenga hoja nzito kwamba kampeni za namna hiyo katika Afrika ya Kati zilisaidia virusi vya Ukimwi kuenea kimyakimya miaka mingi kabla havijapewa jina.

Wakati huohuo, mbali na Kongo, fumbo jingine lilikuwa linafumbuliwa. Wagonjwa waliotiwa maji mshipani, hata yaliyochemshwa, mara nyingi walishikwa na baridi kali na homa. Madaktari walidhani ni tabia ya maji yenyewe. Mwaka 1923 Florence Seibert, mwanakemia wa Marekani, alionyesha kwamba homa ilisababishwa na mabaki ya bakteria yaliyobaki ndani ya maji hata baada ya bakteria wenyewe kufa. Akatengeneza namna ya kukeneka maji ili mabaki hayo yasipite. Kabla ya hapo serumu ilikuwa bahati nasibu. Baada yake viwanda vikaweza kuuza maji ya chupa yenye kuaminika, na mwaka 1932 Alexis Hartmann akaongeza laktati katika maji ya Sydney Ringer. Mchanganyiko huo, Ringa laktati, ndio unaotundikwa Baraka hadi leo mgonjwa wa kipindupindu anapoletwa mgongoni kwa pikipiki.

Chuma chaondoka, plastiki yabaki

Hadi katikati ya karne, kilichoingia mshipani kilikuwa sindano ya chuma. Mgonjwa alifungwa mkono kwenye ubao asiutingishe, maana akijigeuza tu ncha ilitoboa mshipa na maji yakamwagikia nyamani. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari kijana wa Eberswalde, Ujerumani, alikuwa ameonyesha kwamba mrija laini unaweza kwenda mbali bila kudhuru: aliusukuma kupitia mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha picha za eksirei ili apate ushahidi. Walimdharau, mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini kilichobadilisha maisha ya wodi za kawaida ni kazi ya David Massa, daktari wa Rochester, Marekani, mwaka 1950. Aliivisha sindano ya chuma mrija wa plastiki. Chuma kinafungua njia, kisha kinavutwa nje, na plastiki laini, yaani katheta, inabaki mshipani. Mgonjwa akaweza kujigeuza, kula, kunyonyesha. Katheta zote zenye rangi zinazojulikana na wauguzi wetu, kijivu, kijani, waridi, bluu na njano, zimetokana na wazo hilo.

Mrija unaoweza kukaa muda mrefu ukaachwa ukae muda mrefu, na hapo matatizo mapya yakaanza. Kati ya mwaka 1970 na 1971 hospitali 25 za Marekani zilikumbwa na wagonjwa 378 walioingiwa na bakteria damuni kwa sababu ya vifuniko vya chupa za serumu vilivyochafuka kiwandani. Nchi tajiri kuliko zote ilijifunza kwamba hata chupa iliyofungwa inaweza kuua.

Fizi nje ya serikali, 1960 hadi 1978

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja aliyehitimu chuo kikuu. Ilikuwa na wasaidizi wa tiba, watu hodari waliobeba hospitali mabegani Wabelgiji walipokimbia, na baadhi yao wakapelekwa Ufaransa kumalizia udaktari. Fizi haikupata nafasi ya kungoja matunda yao. Mwaka 1964 uasi wa Simba uliishika sehemu kubwa ya nchi, na Fizi na Baraka zikawa ngome yake. Aprili 1965 Che Guevara, mwenyewe daktari kwa elimu, alivuka kutoka Kigoma na kutua Kibamba pamoja na Wakyuba, miongoni mwao madaktari waliowatibu wapiganaji na wanakijiji. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare waliteremka karibu na Baraka na kuuteka mji. Novemba Wakyuba wakarudi Kigoma.

Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa uasi huo, alibaki. Kuanzia mwaka 1967 chama chake kiliendesha maficho yake ya Hewa Bora katika milima ya Fizi kwa karibu miaka 20, nje ya serikali ya Mobutu. Kwa hiyo wakati tiba ya kisasa ilipokuwa ikisambaa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, sehemu kubwa ya Fizi haikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote mwenye bohari ya dawa. Hospitali ya Nundu, iliyojengwa na wamisionari wa Methodisti Huru, ilikuwa kati ya sehemu chache ambako mgonjwa wa kando ya ziwa angeweza kutumaini serumu na mtu anayejua kuitia.

Mwaka 1976 Zaire iliupa ulimwengu fundisho ambalo halijasahaulika. Katika hospitali ya misheni ya Yambuku, mkoa wa Équateur, kila asubuhi zilitolewa sindano tano kwa ajili ya wagonjwa wote wa nje, nazo zilisuuzwa tu kati ya mtu na mtu. Ugonjwa mpya uliingia kwa njia hiyo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, miongoni mwao watawa wenyewe. Ndiyo Ebola. Ugonjwa ulianza kukatika hospitali ilipofungwa, yaani sindano ziliponyamaza. Masista hao walifanya kazi kwa moyo na vifaa havikuwapo, kuwalaumu hakusaidii. Lakini hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba njia ya mshipani isiyo safi ni hatari kuliko ukosefu wa njia yenyewe.

Ziwa lisiloachwa na kipindupindu

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu, katika wimbi lake la saba, kilifika mashariki ya Zaire, na tangu hapo hakijaondoka kando za Tanganyika. Watafiti Didier Bompangue na Renaud Piarroux wameonyesha kwamba miji na vijiji vya maziwa ndivyo vinavyokihifadhi: hapo hakikatiki, na kutoka hapo husafiri na wavuvi na wachuuzi kwenda mikoa mingine. Watu wanachota maji ziwani, wanaoga ziwani, wanafua ziwani. Uvira, jirani yetu wa kaskazini, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba siku ambayo mabomba ya mji hayatoi maji hufuatiwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zinazofuata.

Katika miaka ya 1980 serikali ilikuwa imeigawa nchi katika kanda za afya, mpango mzuri kwenye karatasi na kwa muda mfupi mzuri hata vijijini. Kisha ushirikiano na Ubelgiji ukakatika mwaka 1990, uporaji wa mwaka 1991 na 1993 ukamaliza bohari, na hospitali zikaanza kuishi kwa pesa ya mgonjwa. Tangu hapo jamaa hununua wenyewe katheta, chupa, mrija na sparadra kwenye duka la dawa. Anayekosa pesa ya katheta ya pili hukaa na ya kwanza hata ikiwa imeshawasha mshipa.

Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma, karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Dunia nzima ilituma ndege, na bado watu walikufa ndani ya vituo vya tiba. Madaktari wa Bangladesh waliofika baadaye walieleza bila kuuma maneno: maji yalitiwa polepole mno, serumu nyingine hazikuwa za aina inayofaa, chumvi ya kunywa haikutumiwa vya kutosha, na wahudumu wengi hawakuwa wamewahi kutibu kipindupindu. Wao walikuwa warithi wa elimu iliyopatikana Dhaka mwaka 1968, kwamba mgonjwa anayeweza kunywa anaweza kuokolewa kwa maji, sukari na chumvi. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis alilithibitisha hilo katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, serumu ilipomwishia: vifo vilishuka kutoka asilimia 30 hadi chini ya 4. Tangu Goma, kila kituo cha kipindupindu cha Kivu kimejengwa juu ya kanuni hiyo, serumu kwa aliyezidiwa na kikombe kwa wengine wote.

Vita, na watu kurudi

Oktoba 6, 1996, hospitali ya Lemera, katika milima ya Uvira, ilishambuliwa na wagonjwa na wauguzi wakauawa. Denis Mukwege, aliyekuwa daktari mkuu pale, alinusurika na baadaye akaanzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu. Kwa hesabu yangu Lemera ndiyo siku ambayo watu wa Kivu ya Kusini walijua kwamba kitanda cha hospitali hakimlindi mtu tena. Wakazi wa Fizi walivuka ziwa kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1996 kwa ajili yao. Vita vya pili vya mwaka 1998, na mauaji ya Makobola kuelekea mwaka mpya wa 1999, viliwafukuza waliokuwa wamebaki.

Mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Baraka, na Oktoba 2005 meli za kurudisha wakimbizi zikaanza kutoka Kigoma. Watu waliteremka na magodoro na watoto waliozaliwa Tanzania ambao hawakuwahi kuiona Fizi. Mji ukavimba bila mabomba, na kipindupindu kikapata watu wapya. Mwaka 2015 wakaja Warundi, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa palepale Fizi. Desemba 2020, baada ya mashambulizi dhidi ya timu zao, Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kupunguza sana kazi zao katika eneo la Fizi. Watu wanaobeba bunduki katika milima yetu wana mama na watoto wanaougua kama sisi. Kulifukuza gari la dawa ni kuwanyima wao pia.

Kitandani

Mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa hulazwa juu ya kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imekunjamana. Mapigo hayasikiki. Muuguzi anafunga mpira juu ya kiwiko, anapapasa, hapati kitu, kwa sababu mshipa usio na damu ya kutosha unalala kama kamba iliyolowa. Anajaribu mkunjo wa kiwiko, maana hapo mshipa ni mnene. Anachagua katheta nene, kijivu au kijani, kwa kuwa nyembamba haipitishi maji kwa kasi. Anasafisha ngozi na kungoja ikauke. Sekunde hizo za kungoja ndizo zinazorukwa mara nyingi, na ndizo zinazoua vijidudu. Ncha inaingia. Tone la damu linachungulia kwenye kichumba cha katheta. Anasukuma plastiki mbele, anavuta chuma nyuma, anakitupa papo hapo kwenye boksi la sindano, anafungua maji.

Mtu mzima wa kilo 50 anahitaji lita tano za Ringa laktati kwa saa tatu, moja na nusu kati ya hizo katika nusu saa ya kwanza. Mtoto wa chini ya mwaka hupewa kwa saa sita. Mshipa ukikosekana kabisa, zamani waganga walipasua ngozi ya kifundo cha mguu kuutafuta. Siku hizi wapo wanaotumia sindano ya mfupani, chini kidogo ya goti, njia ya miaka ya 1920 iliyokuwa imeachwa hadi James Orlowski, daktari wa Marekani, alipoiona ikiokoa watoto katika mlipuko wa kipindupindu India na kuitangaza upya mwaka 1984. Nayo isizidi siku moja. Mfupa ukiingiwa na usaha huchukua miezi kupona.

Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Mkono ukivimba na kuwa baridi kuzunguka katheta, maji yamekimbia nje ya mshipa: funga, toa, inua mkono, anza upande mwingine. Mshipa ukiwa mwekundu, wenye joto na mgumu unapoguswa, umewaka. Katheta itoke siku hiyo, hata kama bado inapitisha maji vizuri. Ikiziba, isisukumwe kwa nguvu, maana donge la damu lililoko kwenye ncha litaingia mwilini. Usaha mahali pa tundu, pamoja na homa na baridi ya ghafla, ni dalili kwamba vijidudu vimeingia damuni, na hapo antibiotiki peke yake haitoshi mrija ukiwa bado umo. Mtoto anayeanza kuhema haraka huku serumu ikikimbia huenda amejaa maji. Kwa mwenye utapiamlo hilo hutokea upesi sana. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mashine ili ligunduliwe. Linahitaji mtu anayepita kitanda kwa kitanda na kufunua bandeji, na usiku wa mlipuko mtu huyo mara nyingi ni mmoja kwa wodi nzima.

Katheta za moyoni na zile za kupandikizwa chini ya ngozi, ambazo wagonjwa wa saratani na wa figo wa nchi tajiri huishi nazo kwa miezi, bado ni habari ya miji mikubwa. Mgonjwa wa Fizi anayezihitaji anapaswa kwanza kuipata barabara.

Majibu kutoka kwetu

Elimu kubwa ya miaka hii kuhusu serumu imetoka Afrika yenyewe. Mwaka 2010 utafiti juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali, katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba artesuneti inapunguza vifo kwa asilimia 22.5 ukilinganisha na kwinini. Kwa wauguzi maana yake ilikuwa kubwa hata nje ya takwimu. Kwinini ilidai serumu ya saa nne kila baada ya saa nane, mtoto amefungwa kwenye mrija mchana na usiku. Artesuneti husukumwa kwa bomba la sindano kwa dakika chache, mwanzoni, saa ya 12, ya 24, kisha mara moja kwa siku. Katika nchi yenye malaria kama Fizi, badiliko hilo liliondoa chupa juu ya vitanda vingi.

Mwaka 2011 ukaja utafiti wa Kathryn Maitland na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania, hospitali za Kilifi, Mbale, Soroti na Muheza zikiwemo. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa: wengine walitiwa maji kwa kasi, kama vitabu vyote vilivyoagiza, wengine hawakutiwa kwa kasi. Katika saa 48 walikufa zaidi ya 10 katika kila 100 waliotiwa kwa kasi, dhidi ya 7 wa upande wa pili. Wenye kuhara hawakuwemo, na kwao kanuni ya Latta inabaki palepale. Kwa wengine, serumu ya haraka iliyoaminiwa na wazazi na madaktari ilikuwa inaua.

Nje ya Afrika, mwaka 2012 Claire Rickard na wenzake wa Queensland, Australia, waliwafuatilia wagonjwa 3,283 na kukuta kwamba kubadilisha katheta kwa ratiba ya siku tatu hakupunguzi kuwaka kwa mshipa ukilinganisha na kuibadilisha panapotokea sababu. Kila upande ulikuwa na asilimia 7. Kwa hospitali ambako katheta ni pesa ya familia, hiyo ni nafuu, mradi tu mtu aikague kila siku. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kimataifa kuhusu kuzuia maambukizo ya damu yatokanayo na katheta, na ndani yake mna mambo ambayo muuguzi wa Nundu angeweza kuyasema usingizini: nawa mikono, safisha ngozi, kagua, toa isipohitajika tena.

Februari 2025 vita vilifika Bukavu, na njia ya kaskazini inayoleta vifaa vya Fizi ikawa njia ya askari na wakimbizi. Hali ya njia hiyo hatuiamui sisi. Lakini ukimlaza mtu wako Baraka, Nundu au Fizi, usidai serumu kama mgonjwa anaweza kunywa; mshikie kikombe. Ikiwa ametiwa, mwombe muuguzi kila asubuhi, kwa heshima, afunue mahali katheta ilipoingia mtazame pamoja, na muulize kama bado inahitajika. Akisema haihitajiki, itolewe siku hiyo hiyo.